Umeme wa Jua nchini Kenya: Soko na Matarajio Yake

Soko la umeme wa jua nchini Kenya ni miongoni mwa masoko kongwe ya aina yake barani Afrika, na ni mojawapo ya machache yaliyokuzwa na fedha za wanunuzi wenyewe kabla ya serikali kulitilia maanani. Lilianza kwenye mashamba ya kahawa na chai kando ya Mlima Kenya katika miaka ya 1980, likaenea kwa kukopesha kupitia simu baada ya 2012, na sasa linaingia viwandani na mijini. Katika sensa ya 2009, kaya zilizotegemea sola kwa mwangaza zilikuwa asilimia 1.6. Katika sensa ya 2019 zilifika asilimia 19.3, huku za umeme wa gridi zikiwa asilimia 50.4. Ni nadra kwa bidhaa inayonunuliwa kwa pesa za mfukoni kuenea kiasi hicho kwa miaka 10.

Hata hivyo takwimu hizo ni za taa. Kutoka kwenye taa hadi kwenye friji, pampu na mashine ya kuchomelea vyuma kuna safari nyingine, na matarajio ya soko hili yanategemea safari hiyo ya pili. Kwa sababu hiyo makala haya yanautazama kwa karibu mtaa wa Jericho, upande wa Eastlands jijini Nairobi, ambako stima ya gridi ipo na jua lipo, lakini paa ni la mtu mwingine.

Jua lenyewe

Kenya imekatwa na ikweta. Sehemu kubwa ya nchi hupata kati ya kilowati-saa 4 na 6 za nguvu ya jua kwa kila mita mraba kwa siku, kaskazini ikipata zaidi. Nairobi iko karibu mita 1,700 juu ya usawa wa bahari na ubaridi wake huzifaa paneli, kwani paneli huzidi kupoteza nguvu kadiri inavyopata joto. Miezi migumu ni Juni hadi Agosti, mawingu yanapotanda juu ya jiji tangu asubuhi. Fundi anayejua kazi yake hupigia hesabu mwezi wa Julai, hapigii Februari.

Mwanzo: shule ya Karamugi na majirani zake

Katika miaka ya 1970 paneli zilikuwa vifaa vya serikali na mashirika, zikitumika kwenye mitambo ya mawasiliano katika sehemu za mbali. Bei yake haikumruhusu mkulima hata kuulizia. Mambo yalibadilika mwaka 1984 huko Meru. Mhandisi Mmarekani Harold Burris, aliyewahi kuwa katika Peace Corps, alikuwa ameanzisha kampuni ndogo aliyoiita Solar Shamba. Mwenzake Mark Hankins alikuwa mwalimu wa kujitolea katika Shule ya Upili ya Harambee ya Karamugi. Shule hiyo ilikuwa ikifikiria kununua jenereta ya dizeli. Wawili hao wakaishawishi iweke sola.

Shule ya harambee ni shule ya wazazi. Kila mzazi aliyekwenda kulipa karo aliona taa zikiwaka bila mngurumo wala moshi, na akajua pesa zake zilitumika wapi. Walimu ndio waliokuwa wa kwanza kutaka vifaa hivyo nyumbani, kwa kuwa walikuwa na mshahara wa kila mwezi na walikuwa na madaftari ya kusahihisha usiku. Wakafuatia wakulima wa kahawa na chai, ambao bei nzuri ya kahawa ya katikati ya muongo huo iliwapa pesa taslimu. Burris na Hankins walifundisha vijana wa hapo kazi ya kufunga nyaya, na mafundi hao ndio waliogeuka wauzaji. Mtindo huo wa fundi kuwa mwalimu, mfungaji na wakala kwa pamoja umebaki kuwa uti wa mgongo wa soko la Kenya hadi leo.

Televisheni nayo ilifanya kazi kubwa kuliko taa. Kabla ya sola, familia nyingi za vijijini ziliendesha redio kwa betri kavu na runinga ya rangi nyeusi na nyeupe kwa betri ya gari. Betri hiyo ilibebwa kwa baiskeli au mkokoteni hadi kwenye kituo cha biashara chenye stima, ikachajiwa kwa malipo, ikarudishwa nyumbani siku ya pili. Aliyenunua paneli alikuwa ananunua kuondokewa na safari hiyo. Runinga za Great Wall za volti 12 ziliingia sebuleni pamoja na paneli ndogo za wati 10 hadi 14, zilizoanza kufika kwa wingi mwishoni mwa miaka ya 1980. Viwanda vya betri vya humu nchini vilipata soko jipya, na madukani kukawa na betri ya sola pembeni ya betri ya gari.

Udogo wa paneli hizo ulikuwa baraka na hatari. Mtu aliweza kuanza na moja, akaongeza nyingine baada ya mavuno. Lakini vipimo vilivyofanywa mwishoni mwa miaka ya 1990 vilionyesha kuwa baadhi ya chapa zilitoa wati pungufu mno kuliko zilizoandikwa mgongoni. Matokeo hayo yalitangazwa, na wauzaji wakalazimika kujirekebisha. Kufikia mwanzoni mwa miaka ya 2000, mitambo ya nyumbani iliyouzwa nchini ilikadiriwa kuwa karibu 200,000, mingi ikiwa imelipiwa na wenyewe bila ruzuku. Wakati huo wanakijiji wa Kenya waliokuwa wanawasha sola walikuwa wengi kuliko waliokuwa wameunganishwa na mpango wa serikali wa umeme vijijini. Heshima ya soko hili inawastahili walimu na wakulima hao.

Kulipa mdogo mdogo

Ujio wa M-Pesa, huduma ya kutuma pesa kwa simu, mwezi Machi 2007 ulifungua mlango ambao mafundi wa Meru hawakuwahi kuuota. Mwaka 2012 kampuni ya M-KOPA, ambayo jina lake limetokana na neno kukopa, ilianza kuuza mtambo wa paneli ya wati 8, taa, redio na waya wa kuchaji simu. Mteja alitanguliza takriban shilingi 3,000, kisha akalipa shilingi 40 au 50 kwa siku kwa muda wa mwaka mmoja. Asipolipa, mtambo ulijifunga wenyewe kwa laini ya simu iliyokuwa ndani yake; akilipa, ulifunguka. Shilingi 40 zilikaribiana na pesa ambazo familia ilizitumia kwa mafuta ya taa na kuchajisha simu, na hapo ndipo ulipokuwa ufundi wa mpango huo. Kampuni za d.light, Sun King na nyingine zilifuata njia hiyohiyo.

Mwaka 2018 serikali iliongeza ushuru wa shilingi 18 kwa kila lita ya mafuta ya taa ili kuzuia yasichanganywe na dizeli. Bei ya kujaza koroboi ikapanda, na hoja ya sola ikawa nyepesi kueleweka.

Biashara hii haikuwa tambarare. Mobisol ya Ujerumani, iliyouza mitambo mikubwa Tanzania, Rwanda na Kenya, ilifilisika mwaka 2019 na kununuliwa na Engie ya Ufaransa. M-KOPA yenyewe imegeukia zaidi mikopo ya simu janja na pikipiki za umeme. Wapo wanaolichukulia hilo kuwa dalili ya soko kujaa. Tafsiri iliyo karibu na ukweli ni kwamba soko la taa tatu na redio limekaribia kujaa katika maeneo yenye watu wengi, na yule aliyemaliza deni la taa sasa anataka friji. Sun King, kwa upande wake, ilipata mwaka 2023 ufadhili wa takriban dola milioni 130 kwa ajili ya mikopo ya wateja wa Kenya, kupitia mpango ulioongozwa na benki ya Citi. Wenye fedha bado wanaamini mlipaji wa shilingi 40 ni mlipaji mwaminifu.

Mitambo ya gridi

Mtambo mkubwa wa kwanza ni wa Garissa, wa megawati 50, uliojengwa kwenye hekta 85 kwa mkopo wa benki ya Exim ya China na kuzinduliwa na Rais Uhuru Kenyatta Desemba 2019. Baadaye ikaja minne ya megawati 40 kila mmoja: Malindi, uliojengwa Langobaya katika Kaunti ya Kilifi na kuanza kazi mwishoni mwa 2021, na mitatu ya Uasin Gishu, yaani Selenkei, Cedate na Kesses. Jumla ni megawati 210.

Kikwazo cha mitambo hii ni saa. Wakenya hutumia umeme mwingi zaidi kati ya saa moja na saa tatu usiku, jua likiwa limeshatua. Mchana, mvuke wa Olkaria, maji ya mto Tana na upepo wa Turkana hutosheleza kwa kiasi kikubwa. Jioni ndipo pana upungufu, na Novemba 2022 Kenya ilianza kuagiza megawati 200 kutoka Ethiopia. Mwaka 2025 Rais William Ruto alikiri hadharani kuwa baadhi ya maeneo hukatiwa umeme jioni kwa zamu. Kuongeza paneli bila betri kubwa hakutawasha taa za saa mbili usiku. Isitoshe, mikataba mipya ya ununuzi wa umeme ilisimamishwa mwaka 2021 baada ya jopo la rais kuchunguza bei ambazo Kenya Power, kampuni ya kusambaza umeme, ilikuwa ikilipa, na wawekezaji wakabaki na michoro mikononi.

Mapaa ya biashara na viwanda

Hapa ndipo ukuaji wa kasi uliko kwa sasa. Chuo Kikuu cha Strathmore kilifunga kilowati 600 mwaka 2014. Jumba la Garden City kwenye barabara ya Thika liliweka kilowati 858 juu ya maegesho ya magari. Viwanda vya chai, mashamba ya maua na maghala yamefuata, kwa kuwa wao hutumia umeme mchana, jua linapowaka, na hawahitaji betri nyingi. Kampuni nyingi hazinunui paneli. Mwekezaji hufunga mtambo kwa gharama yake, na kiwanda humlipa kwa kila uniti kwa bei iliyo chini ya ile ya gridi. Kenya Power imeeleza katika ripoti zake za mwaka kuwa kuondoka kwa wateja wakubwa ni tishio kwa mapato yake. Wasiwasi huo una msingi, kwa sababu mteja mkubwa akipunguza matumizi, gharama ya nguzo na nyaya huelemea wateja wadogo wanaobaki.

Mbali na mapaa hayo, gridi ndogo za sola za vijijini zipo Talek katika Kaunti ya Narok, Kisii na kwingineko. Mradi wa KOSAP, uliofadhiliwa na Benki ya Dunia kwa dola milioni 150, ulilenga kaunti 14 zilizoachwa nyuma, zikiwemo Turkana, Mandera na Tana River.

Jericho na Eastlands

Jericho iko katika eneo bunge la Makadara, karibu na Maringo, Jerusalem na Uhuru, hatua chache kutoka barabara ya Jogoo. Ni mtaa wa nyumba za baraza la jiji, ambazo leo ni mali ya Kaunti ya Nairobi. Wapangaji wengi wamerithi nyumba kutoka kwa wazazi waliohamia humo zamani, na wanaendelea kulipa kodi kwa kaunti. Kando ya nyumba nyingi kumeongezwa vyumba vya mabati, na mbele yake vibanda vya kinyozi, vya mama mboga na vya kuuza vyakula. Wageni huelekezwa kwa kutajiwa uwanja wa Camp Toyoyo.

Stima imefika Jericho zamani. Hununuliwa kwa tokeni kupitia simu, na uniti hazikai. Tatizo la mtaani ni kupotea kwa stima na bei yake, na sola huko ni akiba ya kuzuia kibanda kisifungwe. Tuchukue kibanda cha kinyozi chenye paneli moja ya wati 100 juu ya bati. Kwa saa tano za jua zuri paneli hiyo itatoa wati-saa 500, lakini ukitoa vumbi, joto, nyaya na betri, zitabaki karibu 400. Mashine mbili za kunyolea za wati 10, zikifanya kazi saa tano kila moja, zitakula 100. Taa mbili za wati 7 kwa saa nne zitakula 56. Simu 10 za wateja, kila moja ikihitaji takriban wati-saa 15, zitakula 150. Jumla ni 306, na kibanda kimepita siku bila kugusa tokeni. Lakini akija mtu na pasi ya wati 1,000, akiba yote ya siku itakwisha kwa dakika 24. Hesabu hiyo ndiyo mpaka wa sola ndogo ya mjini. Mafundi wa jua kali wanaochomelea milango na madirisha wako nje kabisa ya mpaka huo.

Paneli hununuliwa zaidi Luthuli Avenue, katikati ya jiji, na hapo mnunuzi anahitaji macho ya fundi. Kibandiko cha mgongoni kinaweza kusema wati 200 juu ya paneli ya 100. Fundi hodari huitoa juani, akaipima kwa mita: paneli halisi ya wati 100 ya mfumo wa volti 12 hutoa ampea tano na ushee jua likiwa la utosini. Ikitoa tatu, mazungumzo yameisha. Betri huinuliwa kwa mikono miwili. Betri ya risasi iliyo nyepesi imepunjwa risasi. Ujuzi huu haupatikani kwenye brosha, na mafundi wa Eastlands wanastahili kuthaminiwa kwa kuwakinga majirani zao.

Kizuizi kikubwa ni umiliki. Mpangaji hawezi kutoboa paa la kaunti bila kuhofia kuondolewa, wala hawezi kuwekeza makumi ya maelfu kwenye nyumba asiyo na hakika nayo mwakani. Jericho imo katika mpango wa kaunti wa kubomoa mitaa mikongwe ya Eastlands na kujenga maghorofa. Hapo hesabu inabadilika. Tuchukue jengo la ghorofa 10 lenye nyumba 80 na paa la mita mraba 500. Nusu ya paa ikitengewa matangi, ngazi na njia, nusu iliyobaki itabeba paneli zipatazo 96 za wati 550, yaani karibu kilowati 53. Kila nyumba itapata wati zipatazo 660, sawa na takriban uniti tatu kwa siku ya jua. Kwa familia ya Jericho isiyopikia umeme, uniti tatu ni taa, runinga, simu na friji ndogo.

Sheria na kodi

Kanuni za mwaka 2012 ziliweka leseni kwa mafundi, wauzaji na wakandarasi wa sola, na Sheria ya Kawi ya 2019 ikaunda EPRA, mamlaka ya kusimamia kawi, na kutambua haki ya mteja kuingiza umeme wa ziada kwenye gridi. Kanuni za utekelezaji zilikuja mwaka 2024. Zinamruhusu mwenye mtambo usiozidi megawati 1 kupeleka umeme kwenye gridi na kurejeshewa nusu ya uniti hizo kwenye bili, si kwa pesa taslimu. Nusu ni kidogo, ingawa gridi nayo ina gharama zake.

Kodi imeyumba kupita kiasi. Mwaka 2013 vifaa vya sola vilitozwa VAT, mwaka uliofuata vikasamehewa; mwaka 2020 msamaha ukaondolewa tena, mwaka 2021 ukarudishwa. Muuzaji aliyeagiza kontena moja katikati ya mabadiliko hayo alilipia kwa faida yake ya mwaka mzima. Soko lililohimili haya limethibitisha uimara wake, lakini halikupaswa kujaribiwa hivyo.

Betri chakavu

Betri za risasi hudumu miaka michache, na zikiharibika huuzwa kwa uzito. Katika kijiji cha Owino Uhuru, Mombasa, kiwanda cha kuyeyusha betri kilichoanza mwaka 2007 kilitia sumu ya risasi kwenye damu za wakazi, watoto wakiwemo. Kesi iliyoongozwa na mwanaharakati Phyllis Omido iliwapa fidia ya shilingi bilioni 1.3 mwaka 2020, na Mahakama ya Juu ikaithibitisha Desemba 2024 baada ya rufaa. Betri za lithiamu, ambazo bei yake inashuka, hazina risasi, ila wa kuzikusanya zikichakaa bado ni wachache.

Matarajio

Bei ya paneli imeshuka kwa takriban asilimia 90 tangu 2010, na hilo halitegemei uamuzi wowote wa Nairobi. Vijijini, ukuaji utatoka kwa pampu za kumwagilia na friji. Viwandani utaendelea hata gridi ikinung'unika. Mitambo mikubwa itangoja betri. Mijini, ambako wapangaji ni wengi kuliko wenye nyumba, hakuna mkopo wa simu utakaotatua suala la paa.

Maghorofa ya Eastlands yangali yanachorwa na kujengwa. Njia za nyaya, nguzo za kushikia paneli na chumba cha betri hugharimu kidogo zikiwekwa kabla zege halijamwagwa, na hugharimu sana baadaye. Kwa Jericho, mwenye nyumba ni Kaunti ya Nairobi, na uamuzi huo ni wake.